Muuguzaji wa mgonjwa wa kiharusi afundishwe kabla ya ruhusa

Mhariri,

Mzazi aliyepigwa na kiharusi kikali hupewa ruhusa presha ikishatulia. Wanawe hukabidhiwa dawa na tarehe ya kliniki, gari linaanza safari ya Tukuyu, Makete au Mafinga. Mara nyingi kinachokosekana ni muda mfupi tu wa kumfundisha kwa vitendo muuguzaji, yaani ndugu atakayemhudumia nyumbani, na pengo hilo huwaumiza wagonjwa ambao walikwisha kuokolewa.

Kubwa kuliko yote ni kumeza. Kiharusi hulegeza hata misuli ya koo, hivyo maji, chai na supu nyepesi huwahi kuingia njia ya hewa kabla haijajifunga. Siku chache baadaye ni homa na nimonia. Wapo wasiokohoa hata vikiingia mapafuni, kwa hiyo msitulie eti kwa kuwa hapaliwi. Mgonjwa aketi wima kabisa, kichwa kisiegemee nyuma, alishwe kwa kijiko cha chai, na kijiko kingine kisifuate mpaka muone koo limepanda na kushuka. Anayemeza kwa shida afanyiwe vyakula laini na vizito, navyo huku kwetu havina tabu: parachichi lililopondwa, viazi mviringo vilivyopondwa kwa maziwa, uji wa ulezi unaodondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Makande na wali vingoje, punje zake hutawanyika mdomoni. Akimaliza, lisafisheni shavu lililopooza kwa mswaki laini, maana chakula hujificha pale bila yeye kuhisi, kisha abaki ameketi dakika 30. Sauti yake ikiwa ya majimaji baada ya kunywa, acheni kumlisha na mrudisheni akapimwe. Huenda akahitaji kulishwa kwa mpira wa puani kwa muda.

Linalofuata ni bega. Misuli inayolishikilia imelegea, na uzito wa mkono peke yake unatosha kulivuta litoke mahali pake. Ndugu wawili wakimnyanyua kwa makwapa au kwa kumvuta mkono, wanalimaliza. Maumivu ya bega hilo ndiyo humfanya mzee akatae mazoezi yote, hata ya mguu. Kumhamisha kitandani, wekeni kiti upande wenye nguvu. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, visigino vikirudi nyuma kidogo ya magoti. Mfungeni mkanda mpana kiunoni, mshike hapo. Mwambieni ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, na makalio yatanyanyuka kwa urahisi. Akiegemea nyuma, mtabeba uzito wote nyinyi. Akiketi, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, usining'inie.

Mapenzi ya watoto nayo huchelewesha nafuu, pale wanapomfanyia mama kila kitu. Aachwe avae mwenyewe, hata ikichukua robo saa: shati lianzie mkono uliopooza, na kuvua kuanzie ule mzima. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa haiishii hapo, na huja kwa kurudia. Kwa anayeweza, kusimama na kuketi mara 10 asubuhi, mchana na jioni kunamjenga kuliko kuchuliwa mafuta saa nzima. Tena kigimbi kikivimba na kuuma msikichue kabisa. Huenda damu imeganda ndani, ikasukumwa hadi mapafuni.

Mwezi Juni na Julai baridi yetu inaleta balaa lake. Upande uliopooza mara nyingi hausikii moto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa miguuni humuunguza mgonjwa akiwa kimya. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hewa ya sumu inayoua. Soksi na blanketi vinatosha. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na visigino na kiuno vikaguliwe kila siku. Wekundu usiopotea ukibonyezwa ndio mwanzo wa kidonda.

Dawa za presha haziachwi kwa sababu kipimo kimesoma vizuri. Kimesoma vizuri kwa sababu anazimeza. Wala asipewe aspirini ya jirani. Kiharusi cha damu kuganda na kile cha damu kuvuja kichwani haviponywi kwa dawa moja, na aspirini inaweza kuzidisha uvujaji.

Tunaziomba hospitali za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ziweke sharti moja kabla daktari hajasaini ruhusa: muuguzaji amlishe mgonjwa, amgeuze na kumketisha kitini mbele ya muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia, naye asahihishwe hapohapo. Na awe yule atakayelala naye nyumba moja, siyo mtoto aliyekuja kulipa bili na anayerudi Dar es Salaam kesho yake.

Wauguzaji wa wagonjwa wa kiharusi,
Uyole, Mbeya