Mzee wa Nyerere Square, asante sana

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani.

Mimi ndiye yule mama mwenye sanduku la bati, lililojaa magazeti ya katuni ya Sani niliyoyatunza tangu nikiwa darasa la tano. Ada ya mwanangu ilinibana, nikawa nimeshakubali kuyauza kwa kilo kwa wafunga karanga. Kwa kilo!

Ulichukua moja, ukalifungua kwa ncha za vidole, ukatazama mgongoni. "Hata pini hazijashika kutu, mwanangu. Vumbi lote hili la Dodoma!" Ukakaa nami saa nzima tukiyapanga kwa namba na mwaka. Nilipotoa selotepu nizibe jalada lililochanika, ulinishika mkono: gundi yake hugeuka njano na kuharibu karatasi. Bora mnunuzi auone mpasuko wenyewe, apigiwe picha, aambiwe ukweli.

Nimefanya hivyo. Mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam kayachukua karibu yote, na ada imelipwa.

Hata soda ulikataa, baba. Nakala moja safi nimekuwekea, ipo ndani ya nailoni. Jumamosi asubuhi nitakuwa palepale.