Safari ya Ulaya huanzia kwenye mbao, gundi na karatasi

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba wanamuziki wa Lubumbashi hawafiki kwenye matamasha ya Ulaya ya majira ya joto kwa sababu hawana wafadhili. Sisi tunaotengeneza magitaa na kupanga safari za bendi tunaona vingine. Feza ni shida, hakuna anayebisha. Lakini bendi nyingi hukwama hata kabla habari ya feza haijafika: rekodi waliyotuma ina kelele za mvua, mwaliko umeandikwa jina lisilo la pasipoti, au gitaa linafika Brussels kichwa kimekatika. Mambo hayo hurekebishwa hapa hapa mjini, kwenye komini zetu za Katuba, Kenya au Kamalondo, na mengi hayahitaji mfadhili.

Tuanze na kalenda. Tamasha la Julai huwa limekwisha kuanza kupangwa wakati huku bado tunakula Noeli. Couleur Café ya Brussels hufanyika mwishoni mwa Juni, na Sfinks ya Boechout, karibu na Antwerp, mwishoni mwa Julai. Wapangaji wa matamasha ya namna hiyo husikiliza maombi mapya kati ya Oktoba na Februari. Hapo ndipo penye mtego wetu, maana miezi hiyo mingi ni ya mvua, na nyumba ya mabati isiyo na dari wakati wa mvua haifai kurekodi chochote. Rekodi ya kuombea tamasha la mwaka ujao ifanywe Julai au Agosti ya mwaka huu, katika kiangazi. Aliyechelewa atumie saa za asubuhi, kwani mvua kubwa mara nyingi hupiga mchana.

Chumba chenyewe kinawachanganya wengi. Wanabandika trei za mayai ukutani wakidhani zinazuia sauti isitoke. Hazizuii kitu. Sauti huzuiwa na uzito na kwa kuziba mianya: ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu pande zote mbili, mlango mzito wenye mpira kuzunguka fremu, na dari. Nafasi ya sentimita moja chini ya mlango inatosha kuharibu kazi yote ya matofali. Mwangwi wa ndani ni jambo jingine, nao una dawa rahisi. Chukueni fremu za mbao za sentimita 120 kwa 60, kina sentimita 10, zijazwe matambara na mataulo ya zamani bila kushindilia, kisha zifunikwe kitenge chepesi. Nne au sita zinatosha chumba cha mita 3 kwa 4. Zikiachwa sentimita 10 mbali na ukuta zinanyonya hata sauti za chini kidogo ambazo zikibanwa ukutani zingepita. Sponji ya magodoro isiachwe wazi ukutani: ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, na vyumba hivi huwa na mlango mmoja tu.

Kisha umeme. Kila mwanamuziki wa mji huu anajua SNEL, shirika la umeme, inaweza kukata katikati ya wimbo. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabuni 600. Konvertisa, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hula kama asilimia 15, zinabaki 510. Kompyuta ya wati 50, kadi ya sauti ya 10 na bafle ndogo za 40 ni wati 100, maana yake saa tano za kazi. Nunueni konvertisa ya wimbi safi. Zile za bei nafuu, zenye wimbi la ngazi-ngazi, huleta mngurumo ndani ya ampli ya gitaa, na watu hubadilisha kebo zote bure wakitafuta kosa. Mngurumo mwingine hutokana na nyumba kukosa waya wa ardhi. (Mkoa unaolisha dunia shaba, lakini nyumba ngapi zina fimbo ya shaba ya mita moja na nusu iliyozikwa uani?) Kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe ni hatari: mpigaji anashika nyuzi za chuma huku midomo yake ikigusa mikro.

Sasa gitaa, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Seti ya nyuzi za chuma ya 0.012 (unene wa waya mwembamba kwa inchi) ikiwa imepandishwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, mchana na usiku. Mti unaobeba mzigo huo hunywa unyevu na kuutoa. Gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mwisho wa kiangazi hewa ya Lubumbashi hukauka mno: uso wa gitaa unazama, nyuzi zinashuka zikigonga freti (vile vijiti vya chuma vya kwenye shingo), na ncha za freti zinachomoza pembeni kwa sababu ubao wa shingo umesinyaa. Msiharakishe kupiga tupa. Tieni ndani ya kesi kisahani cha sabuni chenye kifuniko kilichotobolewa, kikiwa na sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoshe, halafu pimeni tena baada ya wiki.

Likifika Ubelgiji mambo hugeuka. Hewa ya huko ina maji zaidi, uso unavimba, nyuzi zinapanda juu na vidole vinauma. Ndiyo sababu tunashauri kila gitaa lisafiri na mifupa miwili ya daraja, yaani vile vipande vinavyobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Wa kwanza ni wa kawaida: kwenye freti ya 12 waya mzito uwe juu kwa milimita 2.5 na mwembamba kwa milimita 2. Wa pili upunguzwe milimita 1 kwa chini, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo ili usipinde. Milimita 1 kwenye mfupa hushusha nusu milimita kwenye freti ya 12. Anayepiga kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyopiga mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke, huisikia nusu hiyo mara moja. Mfupa wa ng'ombe unatosha kabisa: uchemsheni kwa muda mfupi, ulowekwe siku kadhaa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke, ukauke kivulini, ndipo mkate. Shingo ikiwa imepinda, chuma cha ndani yake kizungushwe robo ya mzunguko tu, halafu gitaa lilale usiku kabla ya kuzungusha tena.

Kichwa hukatika namna gani? Kesi inaangushwa chali, mwili unasimama na kichwa kinaendelea na mwendo. Kufunga nyuzi kwa nguvu huongeza hatari, basi zilegezeni sauti moja nzima (freti mbili). Zisilegezwe zote kabisa, kwani chuma cha shingo hubaki kikivuta peke yake. Halafu kichwa kisiguse kitu chochote. Shingo ibebwe na kipande cha mbao chenye mfano wa U, kilichofunikwa kitambaa, nyuma kidogo ya mfupa wa juu (ule unaopokea nyuzi karibu na kichwa), na chini ya kichwa pabaki wazi walau sentimita 2.

Kesi hiyo fundi mbao yeyote mzuri anaitengeneza. Tripleksi (plaiwudi) ya milimita 6 inatosha. Ya milimita 9 ni uzito wa bure. Kesi ya sentimita 108 kwa 42 kwa 15 hula karibu mita ya mraba 1.4 ya ubao na huwa na kilo 5 kabla ya vyuma. Pembeni wekeni kona za alumini za mafundi wa madirisha, zikazwe kwa riveti za milimita 4, na ndani sponji ngumu. Pamoja na gitaa haizidi kilo 10, iko mbali na kikomo cha kilo 23. Tatizo ni vipimo, si kilo: mashirika mengi huhesabu urefu, upana na kimo kwa pamoja na hutaka visizidi sentimita 158, na kesi hii ina 165. Ulizeni kabla ya kununua tiketi na mpate jibu kwa maandishi. Mkifika kaunta pale Luano, uwanja wetu wa ndege, bila jibu, mtalipa au mtaliacha.

Betri za akiba (pawabanki) ziende mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye mzigo wa chini. Kikomo ni wati-saa 100. Ya miliampea-saa 20,000, kwa volti 3.7, ni 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, nayo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ngoma zikaguliwe pia: ngozi ya nyani au ya chui itanyang'anywa forodhani. Pembe ya ndovu msiifikirie. Miti ya jamii ya Dalbergia (rosewood), inayotumika kwenye magitaa, ilileta usumbufu wa vibali kuanzia 2017, lakini tangu mwisho wa Novemba 2019 vyombo vilivyokwisha kutengenezwa havidaiwi kibali tena, isipokuwa vile vya Dalbergia nigra ya Brazili. Kabla ya kuondoka, orodhesheni vyombo vyote na namba zake, mwombe DGDA, idara ya forodha, iipige muhuri, ili mnaporudi msidaiwe ushuru wa gitaa lenu wenyewe.

Karatasi ndizo zinazoua safari nyingi kuliko uwanja wa ndege. Pasipoti zetu zina jina, posti-nomu (jina la pili) na prenomu (jina la ubatizo), lakini mwenye tamasha anamjua mtu kwa jina la jukwaani tu. Mwaliko uandike majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, ndipo useme anajulikana kwa jina gani. Utaje pia tarehe za maonyesho, mahali, malipo, na nani analipia malazi. Tiketi ifuate pasipoti herufi kwa herufi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ina kurasa mbili tupu, na itaendelea kufaa miezi 3 baada ya kutoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu 11 Juni 2024, hairudishwi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu la kawaida ni siku 15, ila linaweza kufika 45. Viza huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si ile yenye ndege ya bei nafuu. Mkiwa na siku 6 Ubelgiji na 12 Ufaransa, ombeni Ufaransa.

Jihadharini na onyesho moja la London katikati ya safari. Uingereza ina viza yake, na aliyetoka Schengen na viza ya kuingia mara moja harudi tena. Na ukali wa maofisa wa viza tusijifanye hatuujui ulikotoka. Mtindo wa kujaza «ngulu», watu wanaojifanya wanamuziki ili wapate viza, kwenye orodha za orkestra ulimfikisha hata mwimbaji Papa Wemba mahakamani Bobigny, Ufaransa, akahukumiwa mwaka 2004. Bendi ya watu watano inayoomba viza kumi na mbili inajijibu yenyewe.

Upande wa hesabu, tatizo ni siku tupu. Chukueni mfano wa watu 4, maonyesho 6 kwa euro 600 kila moja, siku 20. Jumla ni 3,600. Ubelgiji hukata wasanii wageni kodi ya asilimia 18. Ikikatwa kwenye jumla yote zinabaki 2,952. Siku 14 zisizo na onyesho, kwa chakula cha euro 20 kwa kila mtu, hula 1,120, na bado hamjalala wala hamjapanda treni. Ujerumani hukata asilimia 15, pamoja na nyongeza ndogo ya mshikamano, malipo ya onyesho yakizidi euro 250 kwa kila msanii. Ni afadhali maonyesho 6 ndani ya siku 10.

Huko kwenyewe mengine ni mepesi. Saa ya Brussels wakati wa majira ya joto ni ile ile ya Lubumbashi, hakuna cha kubadilisha mkononi. Umeme ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo transfoma mnabeba bure. Bebeni ralonji (kebo ya kurefusha umeme) moja ya prizi sita na plagi ya duara inayoingia Ufaransa na Ujerumani vilevile, pamoja na adapta ndogo ya Uswisi ikiwa mnapita huko. Jua la mwisho wa Juni huzama karibu saa nne usiku, basi onyesho la jioni ni onyesho la juani. Gitaa lisiachwe ndani ya gari lililosimama: juani joto hupanda mno, gundi inalainika na daraja linang'oka likivutwa na zile kilo 70.

Tunaomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, lichape tarehe za mwisho za kupeleka maombi ya matamasha hayo kwenye ukurasa wa utamaduni ifikapo Septemba kila mwaka. Mwaka huu zilitoka Aprili.

Mafundi wa magitaa na wapangaji wa safari za bendi,
Kamalondo, Lubumbashi