Kabla hujaweka Linux, soma kwanza jina la chipu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nizungumze na mafundi wa kompyuta, wauzaji wa kadi za grafiki na wenye maduka ya stationery na uchapaji hapa Dar es Salaam.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ilhali kompyuta nyingi za mtumba zinazopita Kariakoo ni za kizazi cha 3 na cha 4. Mafundi wengi sasa wanawawekea wateja Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya bure ya familia ya Linux. Ni uamuzi mzuri na naunga mkono. Shida huja wiki kadhaa baadaye: mteja anakubali masasisho jioni, anazima, asubuhi anawasha na kukuta skrini nyeusi, au picha ya 800 kwa 600 yenye herufi kubwa kama za bango. Anaambiwa kadi ya grafiki imekufa na anauziwa nyingine. Mara nyingi kadi hiyo ni nzima kabisa, isipokuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, imepanda toleo, na draiva, programu inayoiendesha kadi, imebaki nyuma.

Draiva ya NVIDIA ya kadi za zamani ina sehemu mbili. Moja imefungwa, imetoka kiwandani ikiwa tayari katika lugha ya mashine. Nyingine ni msimbo unaosomeka, kazi yake kuiunganisha ile ya kwanza na kerneli. Hii ya pili lazima ijengwe upya kuwa moduli (kipande kinachopachikwa kwenye kerneli) kwa kila kerneli mpya, na anayeijenga kimyakimya ni programu iitwayo DKMS. Sasa, kerneli ya Linux imeahidi kutovunja programu za kawaida, lakini haijaahidi chochote kuhusu mambo yake ya ndani. Toleo la 5.6 liliondoa kipengele cha ndani kiitwacho ioremap_nocache. La 5.8 likageuza mmap_sem kuwa mmap_lock. La 6.3 likazuia moduli kuandika moja kwa moja kwenye kingine, vm_flags. Mabadiliko ya namna hii yanatosha kukwamisha ujenzi wa moduli nzima.

Utaratibu wa waandishi wa kerneli ni kwamba anayebadilisha kitu cha ndani hurekebisha pia draiva zote zilizomo ndani ya kerneli. Ndiyo maana draiva za i915 ya Intel, na radeon na amdgpu za AMD, hazikusumbui kila sasisho likija. Draiva ya NVIDIA ya kadi hizo inakaa nje, hivyo NVIDIA ndiyo yenye jukumu la kuifuatisha. Kampuni ikishaacha kushughulikia kizazi fulani cha chipu, wasambazaji wa Ubuntu au Debian huendelea kuitia viraka kwa muda, kisha nao huiacha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mashine si ukubwa wa kadi wala bei yake, ni kizazi cha chipu. Fungua terminali, andika lspci -nnk, tafuta mstari wenye neno VGA. Herufi mbili za mwanzo za jina la chipu zinakupa jibu. GF ni Fermi: draiva yake ya mwisho ni 390.157, iliyotoka mwishoni mwa 2022, kabla ya kerneli ya 6.3. GK ni Kepler: mwisho wake ni tawi (mfululizo wa matoleo ya draiva) la 470, lililofungwa 2024. GM na GP, yaani Maxwell na Pascal, tawi lao la mwisho ni 580. Ukikuta GT218 na ndugu zake, kama ile GeForce 210, hizo zilibaki kwenye 340.108 ya Desemba 2019, na kwa kerneli za leo usipoteze bando kuitafuta. Kuanzia TU na kuendelea, NVIDIA yenyewe inatoa moduli za kerneli zenye msimbo wazi tangu 2022, na hali huko ni nafuu zaidi.

Jina la dukani linadanganya, na hapa nawaomba wauzaji wanisikilize. GT 730 zipo za aina mbili. Moja ni GF108, yaani Fermi, namba yake kwenye lspci ni 10de:0f02. Nyingine ni GK208, yaani Kepler, namba yake 10de:1287. Boksi zinafanana, jina ni lilelile, lakini moja inaishia 390 na nyingine inapokea 470. Vilevile Quadro 2000 ni Fermi, ilhali Quadro K2000 ni Kepler. Herufi moja tu inatenganisha draiva mbili. Muuzaji akiandika jina la chipu kwa kalamu juu ya boksi, atakuwa amemwokolea mnunuzi safari ya pili.

Mashine ikishakwama, usikimbilie kuweka mfumo upya. Iwashe ukiwa umeshika Shift, au ukigonga Esc kama ni ya UEFI (mfumo mpya uliorithi BIOS), hadi menyu ya GRUB, inayochagua kerneli ya kuwasha, itokee. Ingia kwenye Advanced options, chagua kerneli ya zamani. Picha ikirudi vizuri, umeshajua kwamba kadi ni nzima. Kama kerneli ya zamani imeshafutwa, simama kwenye mstari wa kwanza wa menyu, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset, kisha bonyeza F10. Utapata picha duni, lakini ya kufanyia kazi. Halafu andika uname -r uone kerneli inayotumika, na dkms status uone moduli ilijengwa kwa kerneli ipi. Kerneli mpya isipoonekana kwenye orodha hiyo, ujenzi ulishindikana.

Sababu ya kushindikana isome kwenye faili la make.log ndani ya /var/lib/dkms/nvidia. Linasema wazi. Likilalamika kwamba vichwa vya kerneli (mafaili yanayohitajika kujengea moduli) havipo, sakinisha linux-headers za toleo husika. Likitaja -ftrivial-auto-var-init=zero kwenye Ubuntu 22.04, draiva haina kosa: kerneli za 6.5 na 6.8 za mfumo huo zilijengwa kwa gcc-12, toleo la programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na mashine yako ina gcc-11. Sakinisha gcc-12, kisha endesha dkms autoinstall. Likitaja majina kama vm_flags au mmap_sem, hapo draiva yenyewe ndiyo imepitwa, na hakuna kifurushi cha kuongeza kitakachoiponya.

Kuna hali inayowachanganya hata mafundi wazoefu: moduli imejengwa salama, dkms status inasema installed, na bado picha hakuna. Andika sudo modprobe nvidia. Ukijibiwa Key was rejected by service, Secure Boot, kinga ya mashine wakati wa kuwaka, ndiyo imeikataa kwa kukosa saini inayotambulika. Wakati wa kusakinisha draiva mfumo hukuomba nenosiri, na ukiwasha upya hutokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde 10 tu. Wengi huiacha ipite. Inatakiwa ubonyeze kitufe chochote, uchague Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini), Continue, Yes, na uandike lile nenosiri. Kwenye mashine kuukuu kagua pia betri ya CR2032: ikiisha, BIOS hurudi mipangilio ya kiwandani, na kwenye baadhi ya mashine Secure Boot hujiwasha yenyewe.

Kwa kadi za Fermi na Kepler, dawa ninayoiamini ni kubaki kwenye kerneli ya 5.15 ya Ubuntu 22.04 au Mint 21, inayopata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2027. Wapo wanaotumia apt-mark hold kuigandisha kerneli. Siwashauri, kwa sababu inazuia na marekebisho ya usalama. Sakinisha linux-generic, ambayo huleta 5.15 pamoja na vichwa vyake, washa upya ukiichagua kwenye GRUB, kisha ondoa linux-generic-hwe-22.04, kifurushi kinacholeta kerneli mpya zaidi, na kerneli zote za 6 zilizobaki. Usipoziondoa, GRUB itaendelea kuchagua yenye namba kubwa na utarudi palepale. Mint 22 inafuata kerneli zinazopanda, kwa hiyo usimwekee mteja mwenye kadi ya GF halafu umwache nayo.

Faili la .run, kisakinishi cha draiva kinachopakuliwa moja kwa moja kwa NVIDIA, ni chanzo kingine cha kilio. Lisiposajiliwa DKMS, huvunjika kerneli ya kwanza inayofuata. Tena linaacha amri ya kuizuia nouveau, draiva huru iliyomo ndani ya kerneli, kwa hiyo moja ikianguka hakuna ya kuipokea. Liondoe kwa sudo nvidia-uninstall, kagua /etc/modprobe.d kama faili la kuzuia nouveau bado lipo, lifute, kisha endesha sudo update-initramfs -u.

Na kwa duka linaloandika barua, kuchapa na kufungua mtandao, mara nyingi hiyo kadi haihitajiki. i5-4570 ina HD Graphics 4600 ndani yake. Zima mashine, chomoa kadi, hamishia waya wa skrini kwenye tundu la ubao mama, ondoa vifurushi vya nvidia, basi. Kwa mashine ya Xeon kama HP Z420 njia hii haipo, kwani prosesa yake haina grafiki ya ndani. Mwenye mashine hiyo mwekee nouveau, au mtafutie kadi ya AMD ambayo draiva yake iko ndani ya kerneli.

Mafundi wenzangu, kabla ya kumkabidhi mteja mashine, mbandikieni ubavuni karatasi yenye mambo matatu: jina la chipu, tawi la draiva na mfululizo wa kerneli. Fundi atakayeifungua baada yenu, awe Mbagala au Tegeta, ataanzia hapo.

Fundi kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam