Maiti za Misri na kichocho chetu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maiti za Misri ya kale zilizokaushwa kwa magadi ilitoa nafasi kubwa kwa dhahabu na laana za makaburi, huku kazi ya kuipima miili hiyo ili kutafuta dalili za maradhi ikitajwa kwa mstari mmoja tu. Kwangu mimi niliyezaliwa Pemba, na niliyekojoa damu nikiwa darasa la nne nikaficha kwa aibu, mstari huo ndio uliostahili ukurasa mzima.

Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer, tabibu aliyefanya kazi Misri, aliandika kuhusu figo za watu waliofariki miaka ipatayo 3,000 iliyopita, katika enzi ya ukoo wa 20 wa mafarao. Watengeneza maiti walitoa matumbo, ini na mapafu, lakini figo mara nyingi waliziacha mahali pake, na kwa bahati hiyo ushahidi ukabaki. Nyama iliyokauka ikawa ngumu Ruffer aliilainisha kwa maji, alkoholi na kabonati ya sodiamu, ambayo imo pia katika magadi yaleyale yaliyoikausha, kisha akaikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Katika maiti mbili aliyakuta mayai ya minyoo ya kichocho, ugonjwa unaomfanya mtu akojoe damu, yaliyogeuka chokaa. Ni kichocho kilekile ambacho watoto wa Unguja na Pemba wanapimwa mkojo kwa ajili yake hadi leo, na aliyekipata kando ya Nile hakuwa amefanya kosa lolote ila kuingia katika maji yenye konokono wanaoeneza minyoo hiyo, kama nilivyoingia mimi.

Naomba pia tahadhari katika jambo moja. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba wamepata vinasaba vya vimelea vya malaria katika mwili wa Tutankhamun, farao aliyekufa akiwa kijana, nanyi mkaandika kwamba malaria ndiyo iliyomuua. Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu na akaenda shamba au shuleni kama kawaida; kuvikuta mwilini si sawa na kuthibitisha sababu ya kifo.

Siku hizi maiti nyingi huchunguzwa kwa picha za eksirei za tabaka bila kufunguliwa sanda, jambo linalowastahi marehemu. Mkirudi kwenye habari hii, tafadhali anzeni na zile figo.

Msomaji wenu,
Chake Chake