Barua kwa waliooa karibuni Lamu: karatasi ya CMV isivunje nyumba

Assalaam aleikum wanangu wa Mkomani, Langoni na kisiwa kizima.

Nimestaafu kazi ya maabara, lakini karatasi bado mwaniletea barazani, zimekunjwa mara nne ndani ya mkoba, jirani asione. Nyingi ni za wajawazito: CMV, IgG, chanya, yaani damu ina kingamwili za muda mrefu (IgG) dhidi ya virusi viitwavyo CMV. Mtu akitafuta kwenye simu akakutana na neno herpesi, basi, mume aanza kuhesabu safari za mke.

Ni jamii ya herpesi, kweli, ila si ile ya vidonda vya siri. Kujamiiana ni njia mojawapo tu; CMV hupita pia kwa mate, mkojo na maziwa ya mama. Afrika wengi wetu huipata tungali wachanga, na ikiingia haitoki. Mume naye akapimwe tuone.

Mbona basi hatuumwi? Virusi hivi hujificha kwenye uboho, ndani ya seli changa za damu, na mara kwa mara huamka. Seli iliyoambukizwa huonyesha vipande vya virusi juu ya utando wake. Hapo seli T, askari wa kinga ya mwili, aina ya CD8 huitambua na kuiua, zikisaidiwa na seli T wenzao aina ya CD4. Ni kama wazee wa barazani: hawamgombezi kila apitaye, lakini huyu wamekwisha kumjua kwa mwendo wake. Watafiti waliopima watu wazima wenye afya walikuta wastani wa karibu asilimia 10 ya seli T za kumbukumbu, zile zinazomkumbuka adui wa zamani, zinashughulika na CMV peke yake. Kazi yote hiyo, nawe wala huna habari, wapara samaki wako. Uzeeni huzidi, zangu mimi nadhani ni kikosi kizima.

Wa kuhofia ni mwenye kinga dhaifu, kama aliyepandikizwa figo, au mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka chini ya 50 kwa mikrolita moja ya damu: huyo aweza kupofuka. Dawa zenu za ARV msiziache.

Mjamzito, IgG peke yake yaeleza ya zamani. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama kuambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kwa hiyo IgM, kingamwili za mwanzo ambazo huweza kuashiria maambukizi mapya, ikiwa chanya, mwone daktari, usikimbilie duka la dawa. Uji aliobakisha mtoto usiumalize kwa kijiko chake, na ukibadilisha nepi nawa kwa sabuni.

Na wewe uliyemrudisha mke kwao bara kwa karatasi ya IgG: boti za Mokowe ziko kila siku, kamchukue.

Mzee wenu, Lamu