Salamu za Shukrani: Profesa Friedrich Ludwig Bauer (1924–2015)

Sisi tunaoandika programu na kufundisha sayansi ya kompyuta, watoto wa Profesa Bauer, mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, kwa kazi wala si kwa damu, tunatoa shukrani za dhati kwa wote waliomfundisha, waliofanya kazi naye na walioiendeleza kazi yake hata baada ya kufariki kwake tarehe 26 Machi 2015, akiwa na umri wa miaka 90. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Ambao hatukuwataja, tunaomba mzipokee salamu hizi kana kwamba mmetajwa.

Shukrani ziwaendee watu wa Regensburg, alikozaliwa tarehe 10 Juni 1924, na Chuo Kikuu cha Munich kilichompokea alipotoka jeshini. Alisoma hisabati na fizikia ya nadharia, akapata udaktari mwaka 1952 chini ya Fritz Bopp. Kompyuta aliifuata Chuo cha Ufundi cha Munich, ambako Hans Piloty na Robert Sauer walisimamia ujenzi wa kompyuta iliyoitwa PERM.

Shukrani za pekee zimwendee marehemu Klaus Samelson, mwenzake katika kazi ambayo sisi tunaila kila siku. Mbinu ya awali ya kutafsiri fomula ili kompyuta izihesabu, ya Mswisi Heinz Rutishauser, iliipitia fomula tena na tena ikitafuta mabano ya ndani kabisa, na fomula ndefu ilikuwa mateso. Mwaka 1957 Bauer na Samelson waliombea hataza (haki ya kisheria ya wavumbuzi) njia ya kuisoma mara moja tu, kushoto kwenda kulia, kwa kutumia marundo mawili: moja la namba, moja la alama. Kila rundo ni kama sahani zilizopangwa: cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutoka.

Chukua (7 − 3) × (2 + 5). Bano la kufungua linaingia rundo la alama, 7 inaingia rundo la namba, kisha alama ya kutoa, kisha 3. Ukikuta bano la kufunga, toa alama iliyo juu pamoja na namba mbili za juu, fanya hesabu, rudisha 4 na uliondoe bano lililofungua. Kuzidisha kunasubiri chini huku mabano ya pili, (2 + 5), yakitoa 7. Fomula ikiisha, 4 mara 7 ni 28.

Wanafunzi hukosea hapa: namba inayotoka kwanza ni 3, nayo ndiyo inayotolewa kwenye 7. Ukigeuza, unapata −4, na jibu linakuwa −28 bila mashine kulalamika. Kosa la pili ni la alama zenye nguvu sawa. Katika 7 − 3 − 2, ukikuta alama ya pili lazima umalize kwanza ile iliyo juu ya rundo; ukiiacha isubiri, utapata 6 badala ya 2. Mabano yasiyolingana hujifichua yenyewe: likikosekana la kufunga, la kufungua linabaki kwenye rundo mwishoni, likizidi la kufunga, hakuna la kulipokea.

Wengine waliwahi kulikaribia wazo hilo kwa njia zao, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing akiwamo, na haki yao tunaitambua. Lakini waliolifanya liwe kanuni ya kutafsiri fomula nzima ni hawa wawili.

Tunawashukuru pia wajumbe wenzao wa mkutano wa Zürich mwaka 1958, wanne wa Ulaya na wanne wa Marekani, walioweka msingi wa ALGOL, lugha ya kuandikia programu, na waliokutana Paris Januari 1960 kuikamilisha. Chuo Kikuu cha Mainz kilimpa Bauer uprofesa mwaka 1958. Munich wakamrudisha mwaka 1963, na mwaka 1967 akaanza kuwafundisha wanafunzi informatiki, yaani sayansi ya kompyuta, kama somo linalojitegemea, la kwanza la aina yake Ujerumani. Alistaafu mwaka 1989.

Kwa waliohudhuria mkutano wa Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968, asanteni kwa kusema ukweli mchungu: programu zilichelewa, zilizidi bajeti na zilijaa makosa. Bauer aliuongoza mkutano huo, na yeye ndiye aliyeshikilia uitwe mkutano wa uhandisi wa programu. Jina hilo liliwakera baadhi. Nadhani ndiyo maana lilifaa.

Kwa wanafunzi wake, akina David Gries na Manfred Broy, poleni na asanteni. Gries alitoka Munich na udaktari, kisha akaandika kitabu cha kiada cha kompaila (programu inayotafsiri lugha ya programu kuwa maagizo ya mashine) kilichosomwa na kizazi kizima.

Mwisho, shukrani kwa makumbusho ya Deutsches Museum, Munich, waliofungua maonyesho ya informatiki mwaka 1988 kwa juhudi zake na kuipokea STANISLAUS, mashine ya rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) aliyoibuni miaka ya mwanzo ya 1950 ili ikague fomula za mantiki. Asanteni sana.