Tuambieni nani alipiga kura

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kurasa zenu za kimataifa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu vita vya uongozi katika vyama vya Uingereza imenishinda kuinyamazia. Mmeandika kwamba Bunge la Uingereza lilimng'oa Waziri Mkuu Boris Johnson kwa kura ya kutokuwa na imani. Aya mbili chini yake mkaandika kwamba wananchi wakamchagua Liz Truss kushika nafasi yake. Yote mawili si kweli, na ni makosa mnayoyarudia kila uongozi unapotikisika kule London.

Johnson hakung'olewa na Bunge, na kura aliyopigiwa aliishinda. Tarehe 6 Juni 2022 wabunge wa chama chake cha Conservative peke yao walipiga kura ya siri: 211 walimtaka abaki, 148 walimtaka aondoke. Utaratibu wenyewe ni huu. Mbunge anayetaka kiongozi aondoke humwandikia mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wa Conservative wasio mawaziri. Mwenyekiti, ambaye wakati huo alikuwa Sir Graham Brady, huzitunza barua hizo na hamwambii mtu zimefika ngapi. Kwa kanuni ya wakati ule, barua zikifika asilimia 15 ya wabunge wa chama, maana yake barua 54, kura ilikuwa lazima ipigwe. Atakayepata zaidi ya nusu ameshinda. Kiongozi akishinda, hapigiwi kura nyingine kwa miezi 12. Akishindwa, anaondoka na haruhusiwi kugombea nafasi aliyoiacha.

Kwa maandishi, basi, Johnson alikuwa salama hadi Juni 2023. Waliomwondoa ni mawaziri wake. Jioni ya 5 Julai Rishi Sunak, waziri wa fedha, na Sajid Javid, waziri wa afya, walijiuzulu wakipishana kwa dakika chache, na kufikia 7 Julai mawaziri, manaibu na wasaidizi zaidi ya 50 walikuwa wameacha kazi. Serikali ikakosa watu wa kuiendesha, naye akatangaza kung'atuka. Ya Theresa May, waziri mkuu aliyemtangulia, hayakutofautiana sana. Desemba 2018 alishinda ndani ya chama kwa 200 dhidi ya 117, Januari 2019 akashinda na ndani ya Bunge kwa 325 dhidi ya 306, lakini Mei mwaka huohuo alitangaza kuondoka kwa sababu mkataba wake wa kujitoa Umoja wa Ulaya ulikataliwa bungeni mara tatu. Serikali ya mwisho kuangushwa na Bunge zima kwa kura ya aina hii ni ya James Callaghan, tarehe 28 Machi 1979, kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura ile iliwapeleka Waingereza wote kwenye uchaguzi mkuu. Kura ya chama haimpeleki mwananchi yeyote kituoni.

Sasa Truss, maana hapa ndipo mlipoharibu kabisa. Katika raundi ya mwisho ya wabunge wa Conservative kumtafuta wa kumrithi Johnson, 20 Julai 2022, Sunak alipata kura 137, Truss 113, Penny Mordaunt 105. Wawili wa juu wakapelekwa kwa wanachama wa kulipia ada, kama 172,000 hivi, katika nchi yenye wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 45. Truss akapata 81,326 na Sunak 60,399. Hao ndio mliowaita wananchi. Na mkishalikosea hilo hamwezi tena kumweleza msomaji kwa nini alianguka haraka vile, kwa sababu jibu limo katika tarakimu hizohizo: wabunge waliokuwa wamemchagua awe kiongozi wao hawakufika hata theluthi moja. Bajeti ndogo ya serikali yake ya 23 Septemba ilipotangaza punguzo kubwa la kodi lisilo na fedha ya kulifidia, hati fungani za serikali, yaani hati za mikopo yake, zikaporomoka bei na Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuzinunua ili kuinusuru mifuko ya pensheni. Hapo Truss akageuka nyuma na hakuona kundi la wabunge la kumkinga. Tarehe 20 Oktoba akatangaza kujiuzulu. Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 2001 Iain Duncan Smith aliupata uongozi wa Conservative kwa kura za wanachama akiwa na wabunge 54 tu kati ya 166, na Oktoba 2003 wabunge haohao wakamtoa kwa 90 dhidi ya 75. Kwa Labour, chama kikubwa cha upande wa pili, kiongozi wake Jeremy Corbyn alikataliwa na wabunge wake 172 dhidi ya 40 mwezi Juni 2016, akagoma kuondoka, na Septemba wanachama wakamrudisha. Kanuni za Labour ni nyingine kabisa: hakuna barua za siri, mpinzani anahitaji kupendekezwa na asilimia 20 ya wabunge, na kiongozi aliyepo anaingia kwenye karatasi ya kura bila kutafuta mapendekezo. Nyinyi mmevichanganya vyama vyote viwili katika aya moja.

Kosa hilohilo limewafanya mwandike kwamba Waingereza wote walitumia majira ya joto ya 2022 wakigombana kuhusu jinsia na wahamiaji. Waliokuwa wakigombana ni wagombea, na sababu yake ni hesabu ya wapiga kura wao. Mtu anayetafuta kura za wanachama wa Conservative, ambao wengi ni watu wa makamo na wazee, husema yale yanayowagusa wao. Ndiyo maana Kemi Badenoch, naye mgombea, alimkabili Mordaunt kuhusu sheria ya kubadili jinsia huku wananchi wa kawaida wakihangaika na bili za umeme na gesi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Oktoba 2022 Sunak alipokuwa waziri mkuu bila wanachama kupiga kura hata moja, kwa sababu Mordaunt hakutangaza kufikisha mapendekezo 100 ya wabunge, kichwa chenu kikubwa kilikuwa "mtoto wa Afrika Mashariki". Baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, ni kweli. Yeye alizaliwa Southampton, Uingereza. Kisha serikali yake ikaendelea na mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, Mahakama ya Juu ikaamua 15 Novemba 2023 kwamba ni kinyume cha sheria, serikali ikatunga sheria nyingine Aprili 2024, na Julai Keir Starmer wa Labour, aliyekuwa ameshinda uchaguzi mkuu, akaufuta. Jambo lililoigusa kanda yetu moja kwa moja mliliweka ukurasa wa ndani, aya nne, chini ya tangazo la magodoro.

Msomaji wa hapa anahitaji maelezo haya kuliko wengine. Kwetu Tanzania mbunge akifukuzwa chama anapoteza ubunge, kwa hiyo anashangaa wabunge wanapatia wapi ujasiri wa kumkataa kiongozi wao. Uingereza, Septemba 2019, Conservative iliwavua uanachama wa kundi lake bungeni wabunge 21 kwa siku moja, na wote wakabaki wabunge. Bila kumwambia hilo, habari nzima inamfikia kama fitina za watu wakorofi.

Ninachoomba ni hiki. Kila habari ya kubadilishana uongozi Uingereza iwe na kisanduku pembeni, maneno yasiyozidi 60, chenye mistari mitano: nani anapiga kura, wako wangapi, kiasi gani kinahitajika, kura ni ya siri au ya wazi, kiongozi akishindwa nini kinafuata. Kanuni za Conservative na za Labour zibandikwe kwenye meza ya habari za kimataifa, karatasi mbili tofauti, na zikaguliwe kila baada ya uchaguzi mkuu kwa sababu vyama huzibadili. Masahihisho ya taarifa ya wiki iliyopita yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Msomaji wenu,
Tanga